Shimesikio, upandikizaji au Lugha ya Alama: mtoto mdogo asiyesikia aanzie wapi?

Mtoto akishathibitika kuwa ni kiziwi au ana usikivu hafifu, wazazi hapa Dar es Salaam huwekewa mezani njia tatu: shimesikio (wengi huiita mashine ya sikio), upandikizaji wa kifaa ndani ya sikio, na Lugha ya Alama ya Tanzania, yaani LAT. Kisha wanaambiwa wachague. Shida inaanzia hapo, kwa sababu njia hizi hazifanyi kazi moja. Mbili za kwanza ni vyombo vya kupeleka sauti. Ya tatu ni lugha kamili. Chombo kinaweza kuchelewa, kuharibika au kumkataa mtoto, na miaka mitatu ya kwanza, ambayo ndiyo ubongo hujenga lugha kwa kasi, haimsubiri mtu. Kwa hiyo hapa tunazilinganisha kwa maswali mawili: ipi itampa mtoto huyu lugha anayoielewa mapema, na ipi familia yenu itaimudu kila siku, iwe mnakaa Mbagala au Kimara, umeme uwepo au usiwepo.

Kabla ya kulinganisha, pata namba

Usimpime mtoto kwa kupiga makofi au kubamiza mlango nyuma yake. Hata kiziwi kabisa anaweza kugeuka, maana anahisi upepo wa makofi, mtikisiko wa sakafu, au ameona kivuli chako. Usitulizwe pia na sauti zake za miezi ya mwanzo. Watoto viziwi hulia, hucheka na kutoa "aa" na "uu" kama wenzao. Wanachochelewa kutoa, au wasichotoa kabisa, ni "bababa" na "dadada" zenye silabi zinazoeleweka, ambazo kwa mtoto anayesikia huwa zimetoka kufikia miezi 10 au 11.

Hospitalini kuna vipimo viwili vinavyochanganywa sana. Cha kwanza ni kijikizibo kinachotiwa sikioni, kinatoa mlio na kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka sikio la ndani. Kinamalizika kwa dakika chache na jibu lake ni amefaulu au hajafaulu. Cha pili hutumia vibandiko kichwani ili kuona kama mshipa wa fahamu na shina la ubongo vinaitikia sauti, na hutoa makadirio ya sauti ndogo kabisa ambayo kila sikio linaitikia, kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti). Kwa mtoto aliyezaliwa njiti, aliyepata umanjano mkali au aliyelazwa wodi ya watoto wachanga, dai hicho cha pili. Sikio lake la ndani linaweza kurudisha mwangwi vizuri kabisa huku mshipa haufikishi ujumbe sawasawa, hivyo anafaulu kipimo cha kwanza, mnarudishwa nyumbani, na bado maneno hayamfikii.

Kipimo hicho kinataka mtoto alale fofofo. Wa chini ya miezi 6 kwa kawaida hulala wenyewe. Wakubwa zaidi mara nyingi huhitaji dawa ya usingizi. Kosa linalowarudisha wazazi nyumbani mikono mitupu ni kumwacha mtoto asinzie kwenye daladala. Mfanye akeshe njiani, mnyonyeshe mkifika.

Ukitoka, uwe na karatasi yenye desibeli za kila sikio, kwa sauti nzito na kwa sauti nyembamba. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, 20 hadi chini ya 35 ni upungufu mdogo, 35 hadi chini ya 50 ni wa kati, 50 hadi chini ya 65 ni wa kati uliozidi, 65 hadi chini ya 80 ni mkubwa, 80 hadi chini ya 95 ni mkubwa sana, na kutoka 95 ni uziwi kamili au karibu yake. Mazungumzo ya kawaida ya watu waliokaa mita moja ni kama desibeli 60. Lengo linalotumika kimataifa ni mtoto apimwe mara ya kwanza kabla ya mwezi 1, athibitishwe kabla ya miezi 3, aanze kusaidiwa kabla ya miezi 6. Kama mwanao ameshapita umri huo, namba hizo zisikukatishe tamaa, zikuharakishe tu.

Shimesikio

Huvaliwa nyuma ya sikio na kukuza sauti. Humfaa zaidi mtoto ambaye masikio yake bado yana usikivu wa kutosha wa kukuzwa: kuanzia upungufu wa kati hadi ule mkubwa. Akishafikia 80 kwenda juu, kifaa chenye nguvu kinaweza kumpa irabu, mapigo ya maneno na honi ya bodaboda, lakini si konsonanti zote za kuelewea maneno.

Hapo Kiswahili kina namna yake ya kumtesa. Irabu zetu zina nguvu, na kila silabi karibu inaishia kwenye irabu. Konsonanti kama s, f, t, k na h ni dhaifu au nyembamba. Mtoto asiyepata sauti nyembamba anasikia "a-a" tu kwa kaka, paka na taka. Sarufi nayo tumeificha mwanzoni mwa kitenzi: ha- ya "hataki" ni pumzi, si- ya "sitaki" imesimamia s. Mtoto anaweza kusikia shina la kitenzi na kukosa kabisa kwamba umekataa. Ndiyo maana kusema "anageuka nikimwita" hakutoshi kuonyesha kwamba kifaa kinafanya kazi. Jina lina irabu. Ataitika kwa irabu.

Kipimo cha kila asubuhi ni sauti sita: mm, uu, aa, ii, shh, sss. Kaa upande wa nyuma asione mdomo, mita moja, sauti ya kawaida. Mtoto wa chini ya miaka 2 mtazame macho na kunyonya kwake, maana husimama kidogo akisikia. Mkubwa mpe kazi ya kutia kipande cha mbao kwenye bakuli kila akisikia. Akikosa sss leo wakati jana aliipata, kuna jambo.

Na jambo hilo, kwa hali ya hewa ya pwani, mara nyingi ni unyevu. Jasho na joto huacha matone ndani ya kijimrija kinachounganisha kifaa na kizibo (kile kipande kilichochongwa kwa umbo la sikio lake), na tone moja linatosha kuziba sauti. Tenganisha kizibo na kifaa, puliza mrija kwa kipulizio cha mpira, futa kwa kitambaa kikavu. Usiku weka kifaa, mlango wa betri ukiwa wazi, kwenye chupa yenye mfuniko na vile vijifuko vya kukaushia unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Kizibo peke yake kinaoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Kifaa hakioshwi, hakianikwi juani, hakipulizwi na mashine ya kukaushia nywele.

Kikipiga mluzi, wazazi wengi hupunguza sauti. Usifanye hivyo, tafuta chanzo. Mara nyingi kizibo kimekuwa kidogo. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja anakua haraka kiasi kwamba kizibo kinaweza kuhitaji kuchongwa upya kila mwezi hadi miezi mitatu, na gharama hii wauzaji huitaja kwa sauti ya chini. Chanzo kingine ni nta. Kingine ni kunyonya: sikio likiegemea mkono wa mama, sauti inarudi kwenye maikrofoni. Kizime cha upande ule kwa muda, acha cha upande wa pili.

Betri za kawaida hizi hutumia hewa. Ukishabandua kibandiko, subiri dakika chache kabla ya kuitia, na kukirudisha kibandiko hakuihifadhi tena. Kwa betri ya rangi ya chungwa, namba 13, hesabu wiki moja hadi mbili kwa kila sikio, yaani kama 4 hadi 8 kwa mwezi kwa masikio mawili. Dai mlango wa betri wenye kufuli. Mtoto akimeza betri, au akiitia puani, ni hospitali saa hiyohiyo.

Mtoto mwenye masikio yanayotoa usaha kila mara, au aliyezaliwa bila tundu la sikio, hafai kuzibwa. Kwa huyo kipo kifaa cha kupitisha sauti kwa kutikisa mfupa, kinachovaliwa kwenye mkanda wa kichwa, uliza hicho.

Upandikizaji

Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upasuaji huu mwaka 2017. Kabla ya hapo watoto walipelekwa nje, hasa India. Kifaa kina sehemu mbili. Ya ndani hukaa chini ya ngozi nyuma ya sikio, na waya wake mwembamba huingizwa kwenye koklea (sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti) kuchochea mshipa wa fahamu kwa umeme. Ya nje ina maikrofoni, kichakataji na betri, na hushikwa na sumaku. Hakirudishi usikivu wa kawaida. Kinaleta ishara mpya ambayo ubongo hujifunza kuielewa.

Humfaa mtoto mwenye upungufu mkubwa sana au uziwi kamili ambaye shimesikio zilizorekebishwa vizuri, akazivaa kweli kwa miezi kadhaa, hazikumpa maneno. Kuna hali isiyotaka kusubiri jaribio hilo: mtoto aliyepata uziwi baada ya homa ya uti wa mgongo. Koklea yake inaweza kujaa mfupa ndani ya wiki au miezi, na ikishajaa waya haupiti. Mwambie daktari wa masikio neno "uti wa mgongo" mwanzoni kabisa, siyo mwishoni mwa maelezo.

Kabla ya upasuaji hupigwa picha kuona kama koklea na mshipa vipo, na chanjo dhidi ya nimonia na uti wa mgongo huhakikiwa, kwa sababu mwenye kifaa ndani ana hatari zaidi ya ugonjwa huo. Kifaa huwashwa kama wiki tatu hadi nne baadaye. Siku hiyo msitarajie video ya kusambaza. Watoto wengi hulia au hukaa kimya wakikunja uso. Kuanzia hapo kuna safari za kurekebishiwa sauti, nyingi mwaka wa kwanza kisha zinapungua, na mazoezi ya kusikiliza kila siku nyumbani. Mtoto wa miaka 2 aliyewashiwa jana ana umri wa kusikia wa siku moja.

Umri unaamua mengi. Kwa mtoto aliyezaliwa hasikii, matokeo huwa mazuri zaidi kabla ya kama miaka 3 na nusu. Baada ya miaka 7, kama hajawahi kupata sauti, uwezekano wa kuelewa mazungumzo kwa kusikia pekee hushuka sana. Kwa hiyo mtu anayewaambia "subirini akue kidogo" anawapotezea.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutia saini hayahusu upasuaji, ambao kwa kawaida huenda vizuri. Yahusu mwaka wa tano. Waya wa nje ukikatika, na huwa unakatika, unapatikana Dar au unaagizwa? Kwa wiki ngapi? Kichakataji kikifa baada ya dhamana, nani analipa? Bima yenu inalipia nini baada ya upasuaji? Pata majibu kwa maandishi. Ongeza na hili: betri za kuchaji zinahitaji seti ya pili kwa siku za kukatika umeme, na kwa binti anayevaa hijabu, kitambaa kizito juu ya maikrofoni huleta msuguano unaofunika maneno, tumia chepesi, kisichosugua.

Lugha ya Alama ya Tanzania

Hii ndiyo pekee inayoweza kuanza leo jioni. Haihitaji foleni, betri wala kipimo cha mwisho, na mtoto wa miezi 6 anaiona yote. Ni lugha yenye sarufi yake: nyusi na mwili hubeba swali na ukanusho, mahali pa mkono hubadilisha maana. Si Kiswahili kilichohamishiwa mikononi.

Hofu kubwa ni kwamba akizoea alama hataongea. Utafiti hauungi mkono hofu hiyo. Uliochapishwa Marekani mwaka 2021 ulikuta kuwa watoto viziwi wa wazazi wanaosikia, walioanza kupata lugha ya alama kabla ya miezi 6, walikuwa na msamiati unaolingana na umri wao, ingawa wazazi wenyewe walikuwa bado wanajifunza. Kinachozuia kuongea ni kukosa sauti ya kusikia na kukosa mazoezi, na hilo hutokea alama ziwepo au zisiwepo.

Sasa upande wake mgumu, ambao watetezi wa alama huuruka. Zaidi ya 90% ya watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Hakuna nyumbani anayejua. Familia ikijifunza alama 30 za chakula, choo na kulala kisha ikaishia hapo, mtoto amepewa orodha ya mahitaji. Lugha bado hajaipata. Ana miaka 4 na hawezi kuuliza bibi amekwenda wapi wala kueleza nani kampiga. Gharama ya LAT ni muda wenu, na ni mwingi.

Panga hivi. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, na Shule ya Viziwi Buguruni, iliyopo tangu 1974, ndiko pa kuanzia kuulizia walimu. Tafuta kiziwi mtu mzima anayeweza kuja nyumbani mara mbili kwa wiki, saa moja moja, mlipe nauli na muda wake. Mwalimu anayesikia aliyejifunza kozi atawapa maneno. Kiziwi atawapa uso, mwendo na mazoea ya macho. Jengeni alama 10 mpya kwa wiki, kwa sentensi, si neno mojamoja. Na wa kwanza kufundishwa awe dada wa kazi, kama yupo, maana ndiye anayeshinda na mtoto kuanzia saa 12 asubuhi mpaka mrudi na foleni za Ubungo. Tumeona mipango mizuri ikifa kwa sababu yeye hakukaa kwenye somo hata moja.

Ufundi wenyewe ni wa macho. Mtoto hawezi kutazama kijiko na mkono wako kwa pamoja. Gusa kijiko, subiri akutazame, onyesha alama, gusa kijiko tena. Ukiwa hujapata macho yake, hujasema kitu. Mwite kwa kumgusa bega au kuwasha na kuzima taa, na usimshike kidevu kumgeuza. Kaa dirisha likiwa mbele yako, mwanga ukupige usoni wewe.

Njia ambayo hakuna anayeichagua na wengi wanaishia nayo

Ishara za kubuni za nyumbani, kupaza sauti na kutazama midomo. Ishara za nyumbani zinaelewekea nyumbani tu. Kupaza sauti hukuza irabu na kupotosha midomo. Na midomo haitoshi kumfundishia lugha asiyekuwa nayo: p, b na m zinafanana kabisa usoni, k na g hazionekani. Tusipoteze nafasi hapa.

Tukiziweka bega kwa bega

Kwa muda wa kuanza, LAT ni siku, shimesikio ni wiki au miezi kutegemea kipimo na fedha, upandikizaji ni miezi mingi, na baada ya kuwashwa kuna mwaka au zaidi kabla ya mazungumzo yenye maana. Kwa usalama wa kila siku mambo yanageuka: mtoto mwenye LAT pekee hasikii gari linalokuja, mwenye kifaa anaweza kulisikia. Kwa bibi wa Rufiji asiyejua alama, maneno ya mdomo yana faida isiyobishaniwa. Lakini vifaa vyote viwili huvuliwa wakati wa kuoga, kulala na kuogelea Coco Beach, hupungukiwa darasani penye watoto wengi na feni, na mvua ya masika ikigonga bati hata mwenye masikio mazima anashindwa. Saa hizo mtoto wa kifaa ni kiziwi, na aliye na LAT anaendelea na maongezi.

Kwa matengenezo, shimesikio inarekebishika kwa urahisi zaidi, upandikizaji ukiharibika ndani ni upasuaji tena, LAT inaharibika familia ikichoka. Kwa fedha, upandikizaji unakwenda mamilioni mengi mwanzoni, na shimesikio zinakula fedha kidogokidogo bila kuisha.

Maoni yetu tunayatoa wazi. Upungufu wa kati: shimesikio za masikio yote mawili, avae saa zote akiwa macho, lengo lisipungue saa 10 kwa siku, na alama za LAT ziongezwe pale maneno yanapochelewa. Mkubwa: shimesikio na LAT tangu siku ya kwanza, kwa uzito sawa. Mkubwa sana au uziwi kamili: LAT leo, shimesikio za majaribio wiki ijayo, na barua ya kuomba tathmini ya upandikizaji mwezi huohuo. Foleni ya upandikizaji bila LAT ndiyo mpango mbaya kuliko yote tunaoujua, na ndio unaopendwa. Mshipa usiopeleka ujumbe sawasawa: LAT iwe nguzo, kifaa chochote kijaribiwe kwa tahadhari, maana usikivu wake hubadilika hata siku hadi siku.

Mkichanganya, msiseme na kuonyesha alama kwa wakati mmoja muda wote. Moja kati ya lugha hizo hukatika vipande, kwa kawaida ya mikono. Gaweni: kuoga na hadithi ya usiku kwa alama, kucheza mkekani karibu, mdomo usiozidi mita moja na redio imezimwa, kwa sauti.

Namna ya kujua mmekosea

Andikeni kwenye daftari moja kila neno na kila alama anayotumia mwenyewe bila kuigizwa, zote zikihesabiwa pamoja. Mtoto aliyeanza mapema afikie kama 50 na kuunganisha mawili, mfano "maji zaidi", akikaribia miaka 2. Aliyeanza kwa kuchelewa, tazama mwendo: miezi 6 baada ya kuanza, kama orodha imesimama, badilisheni kitu. Anzeni na saa za kuvaa, ambazo vifaa vingi vya sasa huzirekodi na mtaalamu anaweza kuzisoma. Kisha kizibo. Kisha maji nyuma ya kiwambo cha sikio, hasa baada ya mafua. Kisha rudieni kipimo chenyewe, kwa sababu usikivu wa watoto wengine huendelea kushuka, na kifaa kilichowekwa kwa namba za mwaka jana kinaweza kuwa hakimfikii tena. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3, rudieni kila miezi 3 hadi 6 hata kama yote yanaonekana shwari, na nakala ya kila karatasi ibaki nyumbani. Faili za hospitali hupotea.